Sufuria Aliyoazima Mama Scola

Harufu ya munkoyo ninaijua kabla sijauona. Kwanza inakuja harufu ya uji wa mahindi uliotolewa motoni na kuachwa upoe. Halafu, mtu akishatia mizizi iliyopondwa, inakuja harufu ya udongo, udongo wa porini na si huu wa barabarani, na kesho yake zote mbili zimechanganyika na kuwa kitu kitamu chenye ukali kidogo puani. Asiyekulia Lubumbashi atasema ni kinywaji cha mahindi tu, na hatakuwa amekosea. Watoto wanakunywa, wazee wanakunywa, na kikinywewa mapema hakilevyi. Lakini mimi harufu hiyo hunirudisha kwenye kipwa kimoja, yaani majira yale ya baridi na vumbi ambapo mvua imekata na majani yanachomwa kila upande, nilipokuwa na miaka tisa au labda kumi. Mama anasema tisa. Katika daftari langu nimeandika kumi na sikufuta, kwa sababu sina uhakika kati yetu ni nani anayekumbuka vizuri.

Tulikaa mtaa wa Hewa Bora, katika parcelle, yaani kiwanja chetu, yenye nyumba ya matofali upande wa barabara na jiko la mabati nyuma. Baba alifanya kazi kwenye reli kama baba yake aliyetoka mji wa Kamina. Mama naye ni mtu wa Kamina, na siku alipoolewa mama yake alimpa sufuria kubwa ya alumini yenye masikio mawili, ambayo mtoto wa miaka mitatu angeweza kuketi ndani yake. Nasema hivyo kwa sababu mdogo wangu Mado alikuwa akiketi humo na kujiita dereva wa treni. Kwetu, vyombo ambavyo bibi-arusi anakuja navyo ni vyake. Akiondoka kwa mume wake anavibeba vyote, na akiacha hata kimoja watu watasema hajaondoka, amesafiri tu, na ndugu za mume wana haki ya kumfuata. Sijui kama ni desturi ya kila mahali. Nyumbani kwetu ilikuwa hivyo, na wanawake wote wa barabara yetu waliijua.

Mwaka ule Mama alizaa mtoto wa kiume, akafa akiwa na siku kumi na moja. Mtoto mchanga namna ile hawekewi matanga. Wanaume wawili walimchukua asubuhi kwenda kumzika, na mchana wanawake walikuwa wamesharudi kwenye makala, yaani makaa, na mboga zao. Shangazi Odile, dada yake Baba, aliyekuwa amekuja kutoka Kamina kusaidia uzazi, akaanza kusema jikoni kwamba maziwa ya Mama yalikuwa mabaya kwa sababu alikasirika-kasirika wakati wa mimba. Alisema mara ya kwanza kwa sauti ya chini. Mara ya tatu alisema mezani, mbele ya Baba, na Baba akachukua kofia yake akatoka nje bila neno. Hicho ndicho Mama hakuweza kukimeza. Maneno ya Shangazi angeyavumilia, lakini kofia ile hapana. Ni lazima niseme pia kwamba Baba hakuwa mlevi na hakuwahi kumnyanyulia mtu mkono. Na Shangazi mwenyewe alikuwa amezika watoto wachanga wawili, na nilikuja kusikia baadaye kwamba naye aliambiwa maneno yale yale. Wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba kila akinisuka nywele alikuwa akivuta mpaka macho yanabadilika sura.

Asubuhi moja nilimkuta Mama anatoa sahani kabatini, moja moja, anazifunga katika vikwembe, vitenge vyake, na kuzipanga kwenye beseni. Hakuwa akilia. Nilimwuliza tunaenda wapi, akasema, "Enda ukanawe uso." Aliyenijibu ni Shangazi, nyuma ya nyumba, akiwa anapepea mbabula, jiko lake la makala. "Batoto ni ba baba," alisema. "Mama yako akienda, weye na Mado mutabakia na mi hapa." Hakusema kwa ubaya, nadhani. Alisema kama mtu anayeeleza mvua itanyesha lini. Nilikwenda kumtafuta Mado, nikamshika mkono.

Sasa nifike kwa Mama Scola, ambaye ndiye ninayetaka kumwandika, ingawa naona nimechelewa. Alikuwa rafiki ya Mama, anakaa parcelle ya nne kutoka kwetu, na wote wawili walikuwa katika shirika moja, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa barabara chache ambao husali kila wiki kwa zamu nyumbani kwa mtu mmoja. Alikuwa mwembamba, mwenye hatua za haraka, anavaa kandambili zisizofanana. Hakusoma sana. Alifuata Biblia kwa kidole, na akifika kwenye majina marefu alisema "huyu na ndugu zake" akaendelea. Hakuna aliyemchagua kuwa na kazi yoyote, lakini mwanamke akipata shida katika ndoa au imani, watu walisema "mumuite Scola." Naye hakuwa mtu wa mahubiri. Aliingia nyumbani kwako, mikono yake ikashika kazi iliyokuwepo, awe anachambua maharagwe au anasugua chungu, na wakati mwingine alitoka bila kusema jambo lolote la Mungu isipokuwa sala ya sentensi moja mlangoni.

Siku ile ya beseni alikuja kabla ya saa nne, sijui nani alimwambia. Alisimama mlangoni.

"Mama Berna, uko?"

"Niko. Ingia."

"Siingie, niko na haraka. Nimekuya kuazima ile sufuria yako mukubwa. Tunafanya munkoyo ya fête ya paruasi."

Mama aliangalia beseni, akaangalia sufuria. "Leo?"

"Leo. Siku mbili tu, nitarudisha."

"Scola, ile sufuria iko na kazi."

"Kazi gani? Unapikia batu mia?" Akacheka. "Ama unasafiri?"

Mama akasogeza beseni kando. Ni mwanamke gani wa shirika atakayeinyima sikukuu ya parokia sufuria, mbele ya watoto wake? Mama Scola akamtoa Mado, aliyekuwa ameketi ndani ya sufuria, akambusu kichwani, akaijitwisha na kwenda zake bila kugeuka.

Siku mbili zikapita, zikawa nne. Beseni lilikaa pale ukutani na sahani zake, na sisi tukala kwenye sahani za plastiki. Kila baada ya siku moja au mbili Mama Scola alikuja kuomba msamaha. Mizizi ya sokoni ilikuwa ya zamani. Uji ulishika chini. Padri amesogeza tarehe. Kila akija kuomba msamaha aliketi, na akiketi alivuta ungo wa lengalenga na kuanza kuchambua majani pamoja na Mama, na saa nzima ikapita. Mwanzoni Mama alikuwa mkali.

"Scola, munkoyo gani inachukua wiki mbili? Munapikia jeshi?"

"We, acha tu. Ile ya kwanza nilionja mi mwenyewe, tumbo ikaimba mupaka asubuhi."

Mama akacheka. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi nikamsikia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mtoto afe. Halafu akanyamaza kama mtu aliyejikamata anaiba. Nakumbuka Mama Scola hakuendelea kuchekesha. Alimwuliza mtoto alikuwa anafanana na nani. Mama alichambua shina moja mpaka likabaki tupu, akasema masikio yalikuwa ya Baba. Mlangoni Mama Scola alifumba macho: "Bwana, unamuona Mama Berna. Amina."

Hakumwacha Shangazi pembeni, na hilo ninalitaja kwa sababu wengine wangemwacha. Alimwita "Tantine" kwa heshima, akamwuliza habari za Kamina, akamwambia vijana wa leo hawajui kuponda mizizi ya munkoyo, na kwamba siku moja atakuja afundishwe na yeye. Baba naye, Mama Scola alimvizia kwenye mlango wa parcelle akirudi kazini.

"Papa Berna, umesalimia bibi yako leo?"

"Nimesalimia."

"Umemuambia nini?"

"Jambo."

"Jambo tu? Hata mi nasalimia imbwa yako jambo."

Baba alikunja kofia mkononi, akapita. Lakini jioni hiyo nilimwona amesimama karibu na mlango wa jiko, muda mrefu, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Mama alikuwa ndani anasonga bukari, ugali wetu.

Kisha ikaja habari kwamba treni ya Kamina itaondoka Alhamisi. Treni zile zilikuwa haziaminiki, lakini Mama aliiamini hiyo. Jumanne aliniita, akaniambia, "Berna, enda kwa Mama Scola ulete sufuria. Iwe na munkoyo, iwe tupu, ulete. Usirudi bila yake." Nilitembea parcelle nne kama ninatembea mpaka Ruashi, mtaa wa mbali. Nilijua kabisa ninachotumwa. Nilikuwa ninakwenda kuleta kitu cha mwisho kilichobaki ili mama yangu aweze kutuacha.

Mlango ulikuwa wazi. Mama Scola alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, miguu yake ndani ya ndoo ya maji ya moto, imevimba kwenye vifundo kwa kutembea. Na chini ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe, niliiona sufuria yetu. Ilikuwa safi, kavu, imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa. Hakukuwa na uji, hakukuwa na mizizi. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho mtoto mwenye akili angekikumbuka mapema: sikukuu ya parokia ilikuwa imeshapita. Mama hakwenda, lakini mimi mwenyewe nilikuwepo, nilikula mikate, nilikunywa munkoyo uliochotwa kwenye pipa.

Aliona kwamba nimeona.

"Beba, basi," alisema. "Iko ya mama yako."

Nilishika sikio moja la sufuria, nikaliachia.

"Sikutume kusema uongo, Berna. Na sikukataze kubeba. Mi nimechoka. Nilifikiri Mungu atafanya haraka kuliko hii." Alitoa mguu mmoja majini akaukausha polepole. Sikuwahi kumwona mtu mkubwa akiwa hajui la kufanya, na niliogopa kuliko nilivyoogopa maneno ya Shangazi.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Nikamwambia Mama, "Mama Scola anasema munkoyo bado." Alinitazama, kisha akarudi kuchekecha unga. Uongo ule niliuungama kwa padri mara mbili, mwaka ule na mwaka wa ndoa yangu, kwa sababu mara ya kwanza sikuwa na hakika kama niliusikitikia.

Alhamisi treni iliondoka au haikuondoka, sijui. Sisi hatukwenda stesheni. Jumamosi Mama Scola akaja na sufuria kichwani, na safari hii ilikuwa na kitu ndani: unga wa mahindi na fungu la mizizi. Nyuma yake walikuja wanawake watatu wa shirika, wamejifunga vikwembe kiunoni kama watu wa msibani. Alitua sufuria katikati ya uwanja.

"Tumekuya kulilia mutoto," alisema.

Shangazi akatoka jikoni. "Mutoto gani? Mutoto wa siku kumi na moja hana matanga! Munataka kuleta bahati mubaya mu nyumba ya ndugu yangu?"

"Tantine," Mama Scola alisema kwa upole, "bale bawili bako, ulibalilia wapi?"

Wale wanawake waliangalia chini. Shangazi alivuta kiti, akaketi. "Mu jiko," alisema. "Nilibalilia mu jiko."

"Basi leo ulilie hapa inje, pamoja na bibi ya ndugu yako."

Walipika uji katika sufuria ile, uwanjani, mbele ya macho ya majirani. Shangazi ndiye aliyeponda mizizi. Alipiga kinu kwa nguvu ambayo haikuhitajika, machozi yanateremka na yeye hayafuti, na Mama akamshikia kinu kisicheze. Sikuwaona wakikumbatiana wala kuombana msamaha. Kesho yake, baada ya misa, munkoyo ulikuwa umeiva, na watu wakarudi. Baba alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Mama Scola alimpa kikombe cha kwanza akamwambia, "Papa Berna, sema tunakunywa juu ya nani."

Baba alishika kikombe mikono miwili. Nilihesabu kuku waliopita uwanjani, watatu, kabla hajasema. "Ilunga," alisema. "Alikuwa anaitwa Ilunga. Ni mutoto yangu na bibi yangu. Hakukufa juu ya makosa ya bibi yangu." Akanywa. Mama akalia kwa sauti, sauti ambayo jirani wa barabara ya pili aliisikia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Jumatatu alirudisha sahani kabatini. Mbili zilikuwa zimevunjika kwa kufungwa vibaya.

Nisiseme kwamba tangu hapo nyumba yetu ilikuwa ya furaha. Baba aliendelea kuwa mtu wa maneno machache mpaka alipokufa, na kulikuwa na vipwa vingine vibaya. Walibaki pamoja, hilo ndilo ninaloweza kuandika bila kuongeza. Nilipokuwa mkubwa nilimwambia Mama ule uongo wangu. Alishangaa kwamba niliubeba miaka yote hiyo. "Unatoka mu nyumba ya munkoyo," alisema, "na hauna harufu hata mu nguo? Nilijua palepale." Nikamwuliza kwa nini basi hakwenda kuichukua mwenyewe. Akasema, "Nilikuwa nimechoka, mutoto yangu. Nilitaka mutu anizuize, na sikuwa na mutu wa kumuomba."

Ningependa kuishia hapo. Lakini Mama Scola mwenyewe hakuniruhusu. Miaka yake ya mwisho alikuwa haoni vizuri, nami nilikuwa nikienda kumsomea. Siku moja nilimsifia kwa habari ya sufuria, nikamwambia ninaisimulia kwa watoto wangu. Hakufurahi. Aliniambia kwamba baada yetu alifanya vilevile kwa mwanamke mwingine, huko Ruashi. Aliazima vyombo vyake, akamchelewesha, akaenda kumwomba msamaha, akasali naye mlangoni. Yule mwanamke alibaki, na wiki iliyofuata mume wake alimvunja mkono. "Sikumuuliza kama anamupiga," alisema. "Nilikuwa na haraka ya kuazima. Kwa mama yako ilifaa, nikafikiri Mungu amenipa dawa." Tangu siku ile hakuazima tena chombo cha mwanamke. Aliendelea kutembelea, lakini aliingia na swali hilo kwanza. Nilitaka kumfariji, nikamwambia hakujua. Akasema kutojua kwake hakukuunga mfupa.

Mama Scola amekufa, na sasa shirika letu limenipa mimi kazi ya kutembelea wanawake. Hawakunichagua kwa sababu ya hekima. Walinichagua kwa sababu ninakaa karibu na nilikuwa kimya wakati wengine wanatoa sababu. Zamani mwanamke akiwa na shida, mtu alitembea mpaka kwake. Leo tuna kundi la WhatsApp. Mtu akiandika "mama zangu, muniombee," zinakuja picha za mikono iliyofumbatwa, thelathini na kitu, na "courage maman," yaani jipe moyo mama, na sauti ya dakika nne ya mama mmoja anayesali huku redio inaimba nyuma yake. Nami huwa natuma mikono hiyo. Sisemi haina maana. Wapo waliosema iliwasaidia, na zamani wapo wengi ambao hatukuwafikia kwa miguu. Lakini baada ya kuituma ninarudi kwenye kazi zangu nikiwa ninahisi nimefika mahali, na sijatoka hata kwenye kiti. Zamani hatukuwa wema zaidi. Nadhani tulikuwa tunaonana zaidi, kwa uzuri na kwa ubaya.

Wiki iliyopita Nadine, jirani yangu, aliandika hayo maneno ya kuombewa. Nilijilazimisha kuvaa viatu. Nilimkuta anafua, nikaketi upande wa pili wa maji nikashika shati, na baada ya mashati mawili nikamwuliza kama mume wake anampiga. Aliendelea kusugua kola ile ile mpaka ikawa nyeupe kuliko nguo yenyewe. Akasema ndiyo. Mchana ule tulikwenda pamoja mpaka mtaa wa Makomeno kwa kaka yake, yeye na mtoto mgongoni, mimi na mfuko wa nguo mbichi ambazo hazikuwa na muda wa kukauka. Sikumwambia abaki, sikumwambia asirudi. Wanawake wawili wa shirika wameacha kunisalimia. Wanasema nimevunja nyumba, na mmoja wao amenikumbusha kwamba Mama Scola angefanya nilivyofanya mimi, mama yangu angeondoka na kuniacha. Labda yuko sawa. Ninalifikiri hilo nikiamka na nikilala, na nimechoka.

Trésor, mume wa Nadine, alikuja juzi akasimama kwenye mlango wa parcelle yangu. Hakutukana. Aliuliza mtoto anakula nini. Nilimjibu anakula vizuri, na nikamwambia sitamwonyesha njia ya kwenda walipo. Akaenda zake.

Jumapili hii sala ya shirika ni kwangu, na mwenye nyumba ndiye anayeandika majina ya watu wa kuombewa. Nimekata karatasi kutoka daftari la mtoto. Nimeandika Nadine. Nimekaa na kalamu mkononi mpaka chai ikapoa, halafu chini yake nimeandika Trésor.